Dhiraa Moja

Sheria yetu, kifungu cha nne, inasema
Tume ya Mito itasimama mbali na Waziri
kiasi cha urefu wa mkono.
Haikusema mkono wa nani.

Mimi ni karani wa Tume, mwaka wa kumi na tisa sasa,
ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
katika mji wa Wales ambao mvua yake haiombi ruhusa.
Mama yangu aliuza vitambaa.
Alipima kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole,
na mkono wake ulikuwa mfupi.
Wateja wakinung'unika aliwaambia:
nendeni basi kwa mwenye mkono mrefu, mkaone bei yake.

Mwenyekiti wetu wakati ule, Eluned Prydderch,
alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu,
mwanamke aliyezoea kuzamisha mkono mpaka begani
pasipoonekana,
akajua kwa kugusa tu kama ndama yu hai.
Hivyo ndivyo alivyoingia katika hesabu za mto Hesgen.
Alipoutoa mkono, ulikuwa umeshika namba:
fosfati mara tatu ya kiwango,
mabanda ya kuku kumi na saba ukingoni,
samoni wawili, mwaka mzima.

"Tutachapisha Jumatatu," akasema.
Alhamisi ya wiki hiyohiyo bonde lilikuwa na uchaguzi mdogo.

Simu ililia Ijumaa, saa kumi jioni.
Waziri Maddocks hakuamuru. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli.
Aliuliza hali ya goti lake.
Aliuliza kama mvua imefika huko.
Aliuliza, kama mtu aombaye chumvi mezani,
kama namba zile zimekaguliwa mara ya pili,
maana namba nazo, Eluned, huchoka,
hupenda kupumzika wiki moja.
Kisha akataja bajeti. Aliitaja tu.
Akataja Machi, mwezi wa kwisha muhula wake,
akasema, aa, siku zinakimbia.

Mkono usioweza kuukata, ubusu:
sote mle chumbani tulikuwa tukiijua hekima hiyo,
nami nilishusha macho kwenye daftari
nisimwone akiinama.

"Goti linauma," Eluned akajibu, "lakini linasimama."
Akaweka simu chini taratibu,
kama anayeweka yai.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, namba zilitoka.
Bungeni Cardiff Waziri alisimama
akafunua viganja vyote viwili:
ile ni tume huru, waheshimiwa, mimi sina mkono humo.
Ulikuwa mrefu siku hiyo, mkono wake,
ulivuka milima.
Lakini kiangazi kilichopita, tulipofungua ngazi ya samaki,
mkono uleule ulikuwa mfupi ajabu.
Ulikaa juu ya bega la Eluned
mpaka mpiga picha alipofunga mkoba.

Machi ilileta barua, mistari mitatu, yote ya shukrani.
Eluned alichukua kikombe chake na koti la mvua.
Mmea wake wa dirishani aliniachia mimi.

Sasa tuna Bwana Hefin Garmon.
Mpole. Anasalimia hadi mfagizi.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
nami nimeitafuta kamba yake, nasema kweli, sijaiona.
Jana ameniomba tu nimsogezee simu
iwe karibu zaidi na kiti.

Nilitambaa chini ya meza kuuvuta waya.
Ulikuwa umejikunja; nikaunyoosha,
na kwa mazoea ya dukani
nikaulaza juu ya mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Dhiraa moja, kama sheria ilivyotaka.
Na shibiri juu yake.

Kwenye kumbukumbu za Ijumaa ile, ukurasa wa sita,
niliandika: *Waziri alipiga simu. Goti lilijadiliwa.*
Shibiri hii sijui niiandike wapi.